Ukoo wa Simjui

Sheria ilikuwa hiyo: jiko halifunguki mpaka ukuta uite wazee wa jina la nyumba, na kila aliyemo aitikie, "Tunamjua." Kwa jirani waliitwa wazee ishirini. Kwa Zamda Simjui waliitwa watatu tu: baba yake Athumani, babu yake Kombo, na Simjui, aliyemzaa Kombo. Baada ya hapo, kimya.

Miaka sita Zamda aliwaandikia watunza kumbukumbu, akitafuta kina Simjui wengine. Leo mchana wakamletea ukurasa wa daftari la kale. Humo, karani wa enzi hizo alimuuliza mtoto Kombo, aliyeokotwa njiani peke yake, "Baba yako nani?" Mtoto akajibu, "Simjui." Karani akaliandika kuwa jina.

Jioni ukuta ukaita. "Athumani." "Tunamjua," wakaitikia Zamda na bintiye Tausi. "Kombo." "Tunamjua." "Simjui."

Tausi akaitikia peke yake. Jiko halikufunguka.

"Mama, itikia basi, njaa inauma."

"Natamani, mwanangu," Zamda akasema, kiganja ukutani. "Natamani mno."

Ukuta ukarudia, "Simjui." Safari hii Zamda akamsikia mtoto Kombo akimjibu karani.