Folda ya Kuniaga

Niligusa kipanya, na mkono ukaanza kutetemeka mbele ya bosi.

Tangu nipone kiharusi, mkono huu ulikuwa ukiniaibisha. Nikibonyeza folda ya michoro ya nyumba, kidole kinaruka, folda inaburutwa na kutumbukia ndani ya nyingine, na ofisi nzima inaitafuta. Wenzangu wakaanza kunong'ona kunihusu: Mama Ramani kachoka, akalee wajukuu.

Jana yake binti yangu alikuwa amebadilisha mipangilio ya kompyuta yangu. "Sasa, mama, folda haisogei mpaka uivute mbali. Na ukitaka kufuta kitu, itakuuliza kwanza."

"Basi ina adabu kuliko wenzangu," nilimjibu.

Bosi akainama nyuma ya bega langu. "Fungua mchoro wa shule, mama. Kama bado upo."

Nikabonyeza. Mshipa wa kiganja ulirukaruka, kishale kikayumba kwenye skrini kama nzi aliyelewa. Folda ikatulia palepale, ikafunguka. Shule yangu ikajaa skrini, madarasa, ngazi na madirisha yake yote.

Bosi akakohoa.

Nilipoufunga mchoro, niliiona folda waliyoiweka wenzangu kati ya mafaili yetu ya pamoja: "Sherehe ya Kumuaga Mama Ramani". Nikaikamata. Nikaivuta polepole, skrini nzima, mpaka kwenye pipa la taka.

Kompyuta ikauliza: "Una uhakika unataka kufuta?"

Nikamgeukia bosi. "Utaijibu wewe, au niijibu mimi?"

Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye "Ndiyo", kikitetemeka vilevile.