Kovu la Zamda

Kwa miaka tisa Zamda alijifunga kanga mbili tumboni kuficha kitovu kilichotokeza kama limau, na mumewe Sekiete aliwachekesha wageni kwa kumwita Limau. Ngiri hiyo ya kitovu ilipoanza kumuuma, Zamda alikwenda hospitali peke yake. Daktari aliirudisha nyama ndani, akashonea wavu mdogo kuziba tundu, akamwambia, "Hakitatoka tena, dada."

Kidonda kilipopona, alimwita mumewe chumbani, akapandisha blauzi. Tumbo lilikuwa bapa, na kovu jembamba kama uzi. Moyo ulimdunda kama wa bi harusi.

Sekiete aliinama, akalitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe wanaweza!" alisema. "Basi ungewaambia wakushonee na uso."

Akarudi sebuleni akicheka, akawahadithia wageni wake wawili, nao wakaangua kicheko.

"Wewe, njoo wakuone!" aliita.

Zamda alitoka vilevile, blauzi imepanda, tumbo wazi. Akapita katikati yao bila kumtazama yeyote, akafungua mlango wa mbele. Nje kulikuwa na jua la saa sita, na barabara ilijaa watu.

"Zamda," Sekiete alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Zamda, jifunike."