Pua ya Shangazi

Kijiko alifunga dirisha la jikoni, kisha akafunga na mlango. Hakutaka harufu ya majani ya rehani itoroke kabla Shangazi hajafika.

Yeye mwenyewe hakuisikia. Tangu homa ile iliyoulaza ukoo mzima, pua yake ilikuwa pambo tu usoni. Vitunguu, sabuni, soksi za mumewe, vyote kwake vilikuwa sawa, na kwa soksi alishukuru. Lakini siri hiyo hata mumewe hakuijua. Angemwambia yeye, Shangazi angeijua kabla chai haijapoa.

Shangazi wa mumewe ndiye mwenye mkahawa, na watu walimwita Pua. Akisimama mlangoni tu, alijua samaki yupi amelala na mpishi yupi amelewa. Sasa alitaka kupumzika. "Jiko langu simwachii mtu asiyenusa," alisema mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Kijiko, aliyepata jina hilo kwa kuonja kila sufuria ya mkahawa ule tangu alipoolewa, alilitamani jiko lile mpaka usingizini.

Tena Shangazi siku hizi alikuwa na mtindo mpya. Tangu apone, hakunusa tena sufuria ya mtu. Aliuliza, "Wewe unasikia nini?" kisha akatikisa kichwa. Wapishi walinong'ona kwamba anawapima. Kijiko alijibu kwa kubahatisha, jasho likimtoka.

Leo anakuja kula, na kuamua. Kijiko alichagua saladi ya pasta kwa pesto, ule mchuzi wa rehani ya kupondwa, kwa sababu chakula hicho kinapikika kwa macho. Korosho alizikaanga akiangalia rangi. Majani ya rehani aliyachambua moja moja, asije akaponda lililooza bila kujua.

Simu ikalia. Ni mumewe.

"Shangazi ameshatoka mkahawani, anakuja huko."

"Yukoje?"

"Si unamjua? Hasemi kitu."

"Haya, kata. Pasta yangu inaiva."

Alipogeuka, povu lilikuwa limefurika likamwagikia jiko la gesi, na moto umezimika wenyewe. Afadhali, alijisemea. Aliitafuna pasta moja, akaiona imeiva lakini haijalegea. Akaipua sufuria, akaimwaga pasta kwenye chujio na kuipitishia maji baridi.

Akakaa chini na kinu. Mchi aliusukuma bila haraka, rehani, kitunguu saumu na korosho vikageuka uji mzito wa kijani, huku mafuta ya zeituni yakiingia kidogo kidogo. Jibini akaikwangua juu yake. Chumvi, angalau, ulimi wake bado uliijua. Bomba la maji lilikuwa likipiga mluzi mwembamba, kama kawaida yake maji yakitaka kukatika.

Paka alikuwa akiukwaruza mlango. Paka huyuhuyu ambaye siku nyingine hutolewa jikoni kwa ufagio, leo alitaka kutoka mwenyewe. Kijiko akamfungulia, akafunga tena upesi. Kichwa kilimgonga na tumbo likamchafuka. Woga huu utaniua, aliwaza, akaichanganya pasta na pesto na nyanya ndogo alizozikata nusu. Ndimu akaiweka pembeni. Angeikamua mwisho kabisa, kijani kisije kikafifia.

Hodi ikapigwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Funga mlango, harufu isitoke."

Shangazi akasimama katikati ya jiko. Macho yake yalipita juu ya kinu, maganda ya kitunguu saumu, ndimu, bakuli. Kisha akayafumba, akavuta pumzi ndefu kwa pua. Kijiko akaushika upindo wa aproni yake kwa mikono miwili.

"Rehani," Shangazi akasema. "Kitunguu saumu, hakikuzidi. Na ndimu umeitia kwa kipimo."

"Asante, Shangazi."

"Harufu nyingine humu hakuna. Jiko safi kabisa." Akafumbua macho, akatabasamu. "Mkahawa ni wako, mwanangu. Pakua, mimi nabandika chai."

Kijiko aligeukia meza. Nyuma yake alimsikia Shangazi akifungua bomba, maji yakamwagika kwa nguvu ndani ya birika. Alinyoosha mkono kuchukua sahani, na ndipo alipoiona ndimu pale mezani, nzima, haijaguswa na kisu.

Alitaka kucheka. Miezi yote hii, kumbe walikuwa wawili.

Shangazi akafunga bomba. Mluzi ukaendelea.

Kijiko aligeuka, na njiti ya kiberiti ilikuwa imeshakwaruzwa.