Kitanda cha Mtoto

Kadi za benki zilikuwa zikinunua zenyewe vitu ambavyo nyumba itakuja kuvihitaji. Siku moja kadi ya Mwanahija na mumewe, Kombo, ilikatwa pesa za kitanda cha mtoto, nacho kikaletwa nyumbani. Mwanahija, aliyetolewa kizazi miaka mingi nyuma, akapiga simu benki kupinga makato hayo.

"Kadi haijakosea, mama," binti wa benki alimwambia kwa upole. "Mtoto atalala hapo kwenu."

"Mtoto gani? Mimi sina kizazi!"

"Hilo tunalijua, mama. Bado unapinga?"

Mwanahija alishusha simu, akaenda kuchungulia chumbani. Kombo alikuwa amepiga magoti, akikaza skrubu za kitanda kile, wala hakuwa ameuliza ni cha nani.