Namba Iliyosuguliwa kwa Penseli

Fundi Chubwa aliweka karatasi juu ya namba ya chasisi ya gari la zamani lililoibwa, akasugua penseli mpaka namba ikatokea. Akampa Nyamizi, mwandishi wa gazeti, akamsihi asimtaje. Nyamizi akaipeleka kwa Afande Lugome, mtaalamu wa polisi wa wizi wa magari.

“Hii nane imegongwa upya,” alisema Afande. “Ni lile la bluu, siyo?”

Nyamizi hakuwa ametaja rangi.

“Nani kakusugulia?”

“Mimi mwenyewe.”

Afande akacheka. “Na vidole hivyo vya hina? Acha utani, dada.”

Akaitia karatasi mfukoni, akaenda dirishani. Ng'ambo ya barabara Chubwa alikuwa ameegemea pikipiki, akisubiri majibu. Alipoona pazia linasogea, alidhani ni Nyamizi, akapunga mkono.