Mpaka wa Ngiri

Zamani zile, mawe ya bondeni yalipokuwa bado matope, Ngiri na Kanga walikuwa wakinywa kwenye kidimbwi kimoja. Jua likazidi kuwaka, maji yakapungua, na tope likanywea hadi likapasuka vipande vipande, kila kipande na pembe zake. Ngiri akaipenda sana mistari ile.

"Hii ni mipaka," akasema. "Na maji yaliyobaki yako upande wangu."

Kanga akaja na vifaranga wake, akakanyaga tope lililokuwa bado na unyevu mpaka kwenye ufa.

"Jirani, wape wanangu tu. Mimi nitavumilia."

"Mpaka ni mpaka, mama."

Kanga aligeuka na wanawe, na Ngiri hakuwaona tena.

Mvua iliponyesha, mafuriko yalileta mchanga ukajaa kwenye nyufa na kufunika kila kitu. Kidimbwi kikawa kimoja tena, hakuna changu wala chako. Ngiri alikunywa peke yake, akiinua kichwa kila majani yalipotikisika. Alijiambia kwamba angalau ile mistari imefutika.

Haikufutika. Karne na karne zilipita, tope likawa jiwe, upepo ukalichuna tabaka la juu, na mistari ikajitokeza yote. Nyayo za Kanga nazo zipo, na vinyayo vya wanawe pembeni. Zinafika kwenye ufa, zinasimama, kisha zinarudi.