Kamati ya Vitabu vya Kutisha

Uamuzi wa kwanza wa kamati ya kuchunguza vitabu vya picha ulipita bila kupingwa: picha hazitatazamwa.

Aliyeutoa ni Préfet Ézéchias, mkuu wa shule moja ya sekondari pale Mususa, mjini Butembo. Vitabu vyenyewe, bédé tano za kutisha zilizotoka Beni, vilikuwa vimelala kifudifudi juu ya meza yake. Juu yavyo aliweka kamusi nzito, utafikiri vingeruka. Vilikamatwa ndani ya mfuko wa Gracieuse, msichana wa septième, yaani darasa la saba, ambaye familia yake ilikimbilia hapo mjini kuepuka mauaji ya Oicha. Adhabu aliyoitaka Préfet ilikuwa moja tu: afukuzwe.

"Mimi niliona moja, kwa bahati mbaya," alisema Salomon, directeur de discipline, msimamizi wa nidhamu. "Kichwa inatembea yenyewe, bila mutu. Ukurasa ya nane inaingia jikoni. Ukurasa ya kumi na tisa..." Akasita. "Kwa bahati mbaya."

Maman Emérence, msemaji wa wazazi, hakuwa ameona hata jalada, na kwa hiyo ndiye aliyekuwa na hasira kuliko wote. "Batoto banapoteza usingizi juu ya makaratasi!"

Wakamwita Gracieuse. Akasimama karibu na mlango, mikono nyuma.

"Unapataka faida gani mu hii mambo?" Préfet akauliza.

Msichana akafikiri. "Inaishaka, Préfet."

"Nini inaishaka?"

"Hadisi. Ukurasa ya mwisho, zimwi inakufa. Inaisha."

Préfet akaandika: *utovu wa heshima*. Akamrudisha darasani.

Ikabaki kujua yaliyomo bila kuyatazama. Préfet akamgeukia Jemima, mwalimu wa lugha.

"Madame, utatuletea maandishi. Nataka kujua batoto ba septième banatembea na mambo gani mu kichwa."

"Maandishi tu?"

"Maandishi tu. Picha, hapana."

"Nimesikia, Préfet."

Alhamisi wakakutana tena. Maman Emérence alikuja na thermos ya chai na beignets, maandazi ya moto, kwani kazi ya kuokoa vijana inachosha. Jemima akafungua faili yake, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea matangazo ya mikutano ya wazazi.

"'Tulikuwa ndani ya shamba ya kakao. Baba alisema tusikohoe. Mudogo yangu alikohoa.'"

Wakangoja. Jemima akaweka karatasi pembeni, akachukua nyingine.

"Na kisha?" Maman Emérence akauliza.

"Imeishia pale, Maman."

"Lakini huyu muandishi ni mutu wa namna gani? Anaacha mutoto akohoe, yeye anaenda zake?"

"'Nilijificha chini ya kitanda,'" Jemima akaendelea. "'Niliona viatu vya mama vinapita. Hakukuwa mama ndani yake.'"

Beignet ya Salomon ikaganda katikati ya sahani na mdomo. Préfet alihisi baridi ikimpanda shingoni, na akafurahi, maana huo ulikuwa ushahidi. Akaandika: *inadhuru mpaka mwili*.

"'Tulirudi nyumbani kutafuta maharage. Chakula ilikuwa bado kwa meza, sahani sita. Sisi tulikuwa tumebaki watatu. Tulikula sahani zote sita.'"

Chai ikapoa. Préfet akajikuta anahesabu sahani za nyumbani kwake, kisha akakasirika kwa sababu alikuwa anazihesabu.

"Sasa zimwi iko wapi?" Salomon akalipuka. Alikuwa anazijua bédé kuliko alivyotaka ijulikane. "Hadisi ya kutisha bila zimwi! Hata ile kichwa ilikuwa na sababu ya kutembea!"

"Na hakuna mwenye anaazibiwa," alisema Préfet. "Muovu anapita, anaenda zake, na hakuna hata mutu mumoja anamuuliza kitu. Hiyo ni fundisho gani kwa batoto? Kuna zingine?"

"Thelathini na nane."

Maman Emérence akafumba macho. "Inatosha, Madame! Mutu mwenye kuwaza vitu kama hivi ni mugonjwa. Asikaribie batoto betu."

Uamuzi wa pili Préfet aliutamka mwenyewe, amesimama, mkono mmoja kwenye koti. Bédé zichomwe. Gracieuse afukuzwe. Na yeyote aliyeandika maneno haya, mkubwa au mdogo, asikanyage tena kiwanja cha shule.

Mikono mitatu ikapanda juu. Wa Jemima ulibaki juu ya faili.

"Madame hapigi kura?"

"Ninangoja kwanza muandike majina."

"Kweli, procès-verbal, ile ripoti ya kikao, inaomba majina ya waandishi." Préfet akafungua kalamu yake. "Soma."

"Ya viatu ni Bénite. Ya sahani ni Phinées. Ya kakao ni Gracieuse."

Majina mawili ya kwanza aliyaandika kwa mwandiko mzuri. Kwenye la tatu kalamu ikasimama.

"Gracieuse gani?"

Jemima akamgeuzia karatasi. Juu kabisa, kwa mwandiko wa mtoto, palikuwa na tarehe ya juma la kwanza la Septemba, na chini yake mada ambayo Préfet mwenyewe aliwapa septième yote siku ya kufungua shule: *Namna nilivyofurahia likizo yangu*.